Mguu Umevunjika, Upasuaji Bado: Maswali Yenu Kuhusu Damu Kuganda

Barua nyingi za toleo hili zinahusu kipindi kimoja: siku za kusubiri, tangu mguu ulipovunjika hadi mgonjwa anapoingia chumba cha upasuaji. Wengi wenu mnauogopa upasuaji wenyewe. Sisi tunaziogopa zaidi hizo siku za kusubiri, na tumezijibu barua kwa kirefu pale tulipoona familia inaweza kufanya jambo leo hii.

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 26, ni dereva wa bodaboda. Aligongwa akavunjika mfupa wa paja. Leo ni siku ya sita yuko wodini, mguu umefungwa uzito unaouvuta, nasi tunatafuta pesa ya chuma. Kila jioni muuguzi anamchoma sindano tumboni, anasema ni ya kuzuia damu isigande. Damu igande vipi wakati hajapasuliwa, tena bado kijana? *Dada mkubwa, Kibaha*

JIBU: Marahaba, dada. Muuguzi anafanya kazi sahihi, wala hajawahi mno. Hatari inaanza kuhesabiwa tangu mfupa ulipovunjika. Siku ya kulazwa na siku ya upasuaji zinakuja baadaye.

Damu huganda ndani ya mshipa pale mambo matatu yanapokutana: mwendo wa damu kupungua, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa na haraka ya kuganda. Utatu huu hutajwa kwa jina la Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19. Paja likivunjika, yote matatu hufika pamoja. Misuli ya kigimbi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuisukuma damu irudi juu kuelekea moyoni, imelala. Ncha za mfupa na uvimbe vimeiumiza mishipa ya jirani. Na kwa kuwa paja lililovunjika linaweza kuvuja ndani kwa ndani lita moja ya damu au zaidi, mwili unaongeza viini vya kugandisha ili mtu asiishiwe damu. Viini hivyo havibaki pajani, vinazunguka mwili mzima. Ndiyo maana donge huweza kutokea hata kwenye mguu ule usiovunjika.

Ujana unapunguza hatari, hauiondoi. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa Toronto, Kanada, uliochunguza kwa picha za mishipa watu 349 walioumia vibaya na ambao hawakupewa kinga yoyote. Watu 201 walikutwa na damu iliyoganda miguuni. Kwa waliovunjika paja ilikuwa karibu wanane katika kila kumi. Kati ya hao 201, watatu tu ndio waliokuwa na dalili. Mengi ya madonge ya namna hii ni madogo, yako kigimbini, na mengine mwili huyamaliza wenyewe. Yanayotutia hofu ni yale yanayopanda kwenye mishipa mikubwa ya goti na paja, kwa sababu hayo hukatika yakasafiri hadi mapafuni, na donge kubwa la mapafuni huua kwa dakika.

Kwa hiyo, wakati mnatafuta chuma, fanyeni haya. Awe anakunja na kukunjua kifundo cha mguu mzima mara 10 hadi 20 kila saa akiwa macho, na ule uliovunjika achezeshe vidole na kifundo kadiri daktari alivyoruhusu. Mto usikae chini ya goti peke yake. Hapo unaubana mshipa mkubwa unaopita nyuma ya goti. Bandeji za kuvutia mguu zikaguliwe kila siku, kwa kuwa iliyokaza pembeni mwa goti huzuia damu na pia hubana neva, mgonjwa akajikuta hawezi kunyanyua unyayo. Anywe maji ya kutosha. Na dozi ya sindano isirukwe bila sababu. Ya kawaida ni enoksaparini miligramu 40 mara moja kwa siku, au heparini yuniti 5,000 mara mbili au tatu kwa siku.

Na chuma kitafutwe upesi. Hospitali kadhaa za kwetu, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), zimetumia vyuma vya SIGN vya kupitisha ndani ya mfupa, ambavyo daktari anaweza kuviweka bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Ulizeni hospitalini kwenu kipo chuma cha namna gani kabla hamjaanza kuhangaika madukani. Paja likishafungwa chuma, kijana huyu anaweza kukaa na kusimama kwa magongo mapema, na hakuna sindano inayofikia faida hiyo.

SWALI: Mama yangu ana miaka 74, ana presha na moyo umepanuka. Alianguka bafuni akavunjika nyonga. Tulimpeleka kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa, akamkanda kwa mafuta siku kumi. Sasa yuko hospitali na wanataka apigwe ultrasaundi ya miguu kabla ya upasuaji. Kwa nini miguu yote miwili? Na wakikuta damu imeganda, upasuaji ndio basi? *N., Tanga*

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Hospitali imefikiri vizuri.

Nyonga iliyovunjika kwa mzee inatakiwa ipasuliwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 48. Uingereza mwongozo wao unataka iwe siku ya kulazwa au siku inayofuata. Kila siku inayopita kitandani huongeza uwezekano wa damu kuganda, pamoja na nimonia na vidonda vya mgongo. Mama amefika siku ya kumi. Hapo mtu hawezi kudhani miguu ni salama kwa sababu haijavimba. Inapimwa yote miwili kwa sababu tuliyomweleza dada wa Kibaha.

Umeuliza pia, kwenye sehemu ya barua ambayo hatukuichapa, nani hasa yuko hatarini zaidi. Tunawapima wagonjwa hivi. Kwanza, mahali palipovunjika: nyonga, fupanyonga na paja ndiyo mabaya zaidi, kisha sehemu ya juu ya muundi karibu na goti, halafu kifundo, na mwisho unyayo. Mifupa miwili au zaidi, au ajali iliyoumiza pia kichwa, uti wa mgongo au kifua, inapandisha hatari sana. Pili, muda: saa 48 ni alama tunayoiangalia, na mgonjwa wa rufaa aliyekaa siku nne zahanati na siku moja ndani ya basi tunamhesabia siku tano. Tatu, mtu mwenyewe. Miaka zaidi ya 60, unene uliopitiliza, saratani, moyo dhaifu, kupooza, mishipa ya miguu iliyojikunja na kuvimba, ujauzito na wiki sita baada ya kujifungua, selimundu, kuishi na VVU, kifua kikuu kinachoendelea, uvutaji wa sigara. Linalozidi yote haya ni kuwahi kuganda damu siku za nyuma, wewe au ndugu wa damu. Hilo lisemwe hata kama hakuna aliyeuliza.

Sababu hizi hujumlishana. Mama yako anazo nne: nyonga, umri, moyo, na siku kumi.

Wakikuta donge, jibu linategemea liko wapi. Likiwa kigimbini tu, mara nyingi anaanzishiwa dawa na upasuaji unaendelea kwa tahadhari, kisha ultrasaundi inarudiwa. Likiwa gotini kwenda juu, anapewa dozi ya tiba, ambayo kwa enoksaparini ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 12, na daktari wa mifupa, wa moyo na wa usingizi wanakaa pamoja. Kuna kichujio kinachowekwa ndani ya mshipa mkubwa wa tumboni kuzuia donge lisifike mapafuni. Kinahusu mgonjwa ambaye donge ni jipya na dawa haiwezi kutumika, na hospitali chache ndizo zenye huduma hiyo. Kuahirisha upasuaji wa nyonga kwa miezi mitatu ili donge lipone si suluhisho kwa mzee wa miaka 74, maana kitanda nacho kitamdhuru. Kwa hiyo, hapana, upasuaji sio basi. Unapangwa upya.

Kuhusu kukanda: mguu uliovunjika usikandwe, na ule unaoshukiwa kuwa na donge usiguswe kabisa kwa mafuta wala maji ya moto. Kukamua misuli kunaweza kulichomoa donge. Tunaomba wasomaji wamweleze hivi kila fundi wa mifupa wanayemfahamu, kwa heshima, kwa sababu wagonjwa wengi hupitia kwake kwanza.

SWALI: Habari zenu. Nimevunjika kifundo cha mguu. Kimevimba sana, kwa hiyo daktari amenifunga plasta ya upande mmoja na kunirudisha nyumbani siku kumi mpaka uvimbe ushuke ndipo anipasue. Nina miaka 33, kilo 85, urefu sentimita 160, na natumia vidonge vya kupanga uzazi. Sikumwambia kuhusu vidonge. Je, ni muhimu? *Msomaji wa Mombasa*

JIBU: Ni muhimu, tena mpigie leo. Kifundo peke yake ni cha hatari ndogo kuliko paja, na wagonjwa wengi wa kifundo hawapewi sindano. Lakini vidonge vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda takriban mara tatu, na uzito wako kwa urefu huo unakuweka juu ya 30 kwenye kipimo cha unene. Ongeza plasta na siku kumi za kukaa. Mgonjwa wa namna hii anastahili kujadiliwa kinga hata akiwa nyumbani.

Angalia pakiti. Vikiwa na estrojeni, muulize daktari kuhusu kuviacha sasa. Jua kwamba athari yake haiishi kesho. Huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo kuviacha hakuchukui nafasi ya kinga. Usibaki bila njia yoyote: kondomu, kitanzi cha shaba, kipandikizi au vidonge visivyo na estrojeni vinafaa zaidi kwa sasa. Sindano ya miezi mitatu tusingeichagua kwanza, kwani baadhi ya tafiti zimeihusisha na damu kuganda.

Nyumbani, inua mguu kisigino kiwe juu kuliko moyo, mito ikiwa imepangwa kwa urefu wa mguu mzima. Kila saa inuka kwa magongo uende hata hadi mlangoni, bila kukanyagia mguu mbovu. Chezesha vidole. Vidole vikifa ganzi, vikiwa vya baridi au vya bluu, rudi hospitali usiku huohuo ili plasta ilegezwe.

Jambo jingine ambalo wagonjwa hawaambiwi: kwenye upasuaji wa kifundo, daktari mara nyingi hufunga mkanda wa hewa pajani ili damu isimwagike. Kama kuna donge limejificha, kuukamua mguu na kuubana hivyo kunaweza kulisukuma. Kigimbi kikianza kuuma au kuvimba kabla ya siku ya upasuaji, daktari ajue kabla mkanda haujafungwa.

SWALI: Baba amevunjika muundi. Kipimo cha D-dima kimetoka juu sana. Tumeambiwa mtaani kwamba maana yake damu imeshaganda. *Kijana, Dodoma*

JIBU: Hapana. Kipimo hicho kinaonyesha kwamba mahali fulani mwilini damu imeganda na inayeyushwa, na mfupa uliovunjika wenyewe unatosha kukipandisha kwa siku nyingi. Kikitoka chini kinatuliza moyo. Kikitoka juu kwa mtu aliyevunjika, hakisemi mengi. Kama pesa ni ya kipimo kimoja tu, nendeni ultrasaundi ya Dopla.

SWALI: Assalamu alaikum. Nimesikia sindano za kuzuia damu kuganda zinatokana na nguruwe. Ni kweli? Mume wangu amevunjika paja na hataki kuchomwa mpaka apate jibu. *Bi. S., Unguja*

JIBU: Waalaikumu salaam. Ni kweli. Heparini na enoksaparini hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe, na mgonjwa ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuchomwa.

Mbadala upo, ila una masharti. Fondaparinuksi, miligramu 2.5 mara moja kwa siku, imetengenezwa maabara bila mnyama. Shida yake ni kwamba inakaa mwilini muda mrefu: daktari wa usingizi atataka ipite siku moja na nusu au zaidi kabla ya kuchoma sindano ya ganzi ya mgongo, kwa hiyo inafaa zaidi baada ya upasuaji kuliko kabla. Vidonge kama rivaroksabani navyo havina nguruwe, na navyo hulazimika kusimamishwa mapema. Aspirini tumeizungumzia mwishoni. Ipo pia mashine ya kubana na kuachia kwa hewa mguu usiovunjika, ambayo haina dawa kabisa. Isitumike kwa mwenye ugonjwa wa mishipa inayopeleka damu miguuni.

Kutoa fatwa si kazi yetu. Wanazuoni wengi huruhusu dawa ya aina hii kwa dharura pale pasipo na mbadala unaofaa. Zungumzeni na shehe mnayemwamini, lakini leo, na kwa simu. Paja lililovunjika halimpi mumeo muda wa kusubiri Ijumaa, na wakati mnauliza, mashine na mazoezi ya kifundo yaendelee.

SWALI: Upasuaji wa nyonga wa babu umeahirishwa mara tatu. Kila mara anakatazwa kula na kunywa tangu saa mbili usiku, na sindano ya kuzuia damu kuganda wanairuka "kwa sababu kesho anapasuliwa". Mchana tunaambiwa zamu haijafika. Hii ni sawa? *Mjukuu, Iringa*

JIBU: Si sawa, na ni moja ya njia za kimyakimya zinazofanya mgonjwa agande damu akiwa mikononi mwa hospitali. Kuahirisha mara tatu kwa mtindo huu ni siku tatu bila kinga na siku tatu za kukaukiwa maji. Damu ya mtu aliyekaukiwa huwa nzito, na mwendo wake hupungua zaidi.

Sindano hairukwi ovyo. Kinachotakiwa kwa dozi ya kinga ya enoksaparini ni saa 12 kati ya sindano na upasuaji au sindano ya mgongo, kwa hofu ya damu kuvujia kwenye uti. Ikichomwa saa 12 jioni, kufikia saa 3 asubuhi zimepita saa 15. Ndiyo maana wodi zilizojipanga huichoma jioni, na hakuna dozi inayopotea. Dozi ya tiba ndiyo inayohitaji saa 24. Kwa heparini ya yuniti 5,000, saa 4 hadi 6 zinatosha. Upasuaji ukiahirishwa, dozi ya jioni inarudi palepale bila kusubiri daktari wa kesho.

Chakula kinasimama saa 6 kabla ya usingizi. Maji matupu au chai ya rangi huruhusiwa hadi saa 2 kabla, isipokuwa daktari wa usingizi ameona sababu ya kukataza. Zamu ikisogea, babu anyweshwe au atundikiwe dripu. Muulizeni muuguzi wa zamu kwa upole: "Saa ngapi anaingia, na kama haingii, dozi na maji vinarudi saa ngapi?" Mwombeni aandike jibu kwenye faili.

Wapo wanaostahili kusimamishiwa sindano kweli: mwenye damu inayovuja kichwani au tumboni, au chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia kugandisha, zilizoshuka chini ya 50,000. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi au kubadilishiwa. Nanyi msimpe diklofenaki ya duka la dawa juu ya sindano hizi. Zikikutana, tumbo linaweza kuvuja damu.

SWALI: Mguu uliovunjika umevimba tu kila siku. Nitajuaje kama ni damu imeganda au ni uvimbe wa kawaida? *Anayeuguza, Bukoba*

JIBU: Kwa macho peke yake mara nyingi hutajua, na hata sisi hatujui bila ultrasaundi. Zipo dalili za kushtua: uvimbe uliokuwa umeanza kushuka ukapanda tena, kigimbi au paja kuuma mbali na palipovunjika, joto na wekundu, mishipa ya juu ya ngozi kujitokeza. Mguu ambao haukuvunjika ukivimba, hilo ni la kuripoti saa hiyohiyo. Kwenye mguu huo mnaweza kupima kwa utepe wa fundi cherehani mzunguko wa kigimbi kila asubuhi, sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, na kuandika.

Hali mbili hufanana na hii na haraka yake ni nyingine. Ya kwanza ni shinikizo kupanda ndani ya misuli: maumivu makali yasiyosikia dawa, yanayozidi ukinyoosha vidole vyake, mguu mgumu kama ubao. Hiyo ni ya kupasuliwa ndani ya saa chache, misuli isife. Ya pili ni mafuta ya ndani ya mfupa kuingia kwenye damu, kwa kawaida kati ya saa 24 na 72 baada ya kuvunjika: kuhema, kuchanganyikiwa, na vidoti vyekundu kifuani na kwapani.

Kuishiwa pumzi ghafla, kifua kuchoma akivuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio au kuzimia: iteni msaada, akalishwe nusu ameketi, awekewe oksijeni. Msimsimamishe wala kumpeleka chooni.

SWALI: Aspirini ni bei rahisi. Haitoshi badala ya sindano? *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Kwa baadhi ya wagonjwa, inatosha. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Marekani na Kanada wa watu 12,211 waliovunjika mifupa. Nusu walipewa aspirini miligramu 81 mara mbili kwa siku, nusu enoksaparini miligramu 30 mara mbili kwa siku. Vifo katika siku 90 vilikuwa chini ya 1 kwa 100 pande zote, na madonge ya mapafuni yalilingana. Madonge ya miguuni yalikuwa mengi kidogo kwa aspirini: asilimia 2.51 dhidi ya 1.71.

Kabla hujakimbilia dukani, tazama nani hawakuwemo: waliofika hospitali zaidi ya saa 48 baada ya kuumia, na waliowahi kuganda damu miezi sita ya karibuni. Kwa aliyefika mapema na hana sababu nyingine, aspirini ni mjadala halali na daktari wake. Kwa aliyefika siku ya tano akitokea kijijini, utafiti huo haukumhusu. Huyo tungemwombea ultrasaundi kwanza, kisha sindano.